Mzee Akichanganyikiwa Ghafla, Usiseme ni Uzee



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza juu ya wazee wetu: babu, bibi na wazazi waliojaliwa na Mungu umri mrefu. Mara kwa mara katika wodi zetu tunapokea mzee aliyeletwa akiwa amechanganyikiwa akili. Tunapowauliza ndugu zake ameanza lini, jibu mara nyingi huwa ni lile lile: "Nesi, si unajua tena, ni uzee tu." Neno hilo, "ni uzee tu", limewapotezea maisha wazee ambao wangeweza kupona. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie.

Babu wa siku tano

Tuanze na mfano. Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu babu mmoja wa miaka 76, mkulima na mfugaji. Alikuja amelazwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Watoto wake walikuwa watu wema. Walimfunga kwa sababu usiku alitoka nje akiwaita watu waliokufa zamani, na mara mbili alitaka kubomoa zizi akisema kuna askari wamejificha ndani. Kwa siku tano hakulala usingizi wa maana. Jirani mmoja alisema amerogwa, mwingine alisema ni pepo, na mtoto wake mkubwa alisema ni uzee. Mbuzi wawili walikuwa wamekwisha uzwa ili kumlipa mganga.

Tuliwauliza swali moja: "Wiki iliyopita alikuwaje?" Wakatazamana. Kisha binti yake akajibu: "Jumapili ile nyingine alikwenda Misa kwa baiskeli yake mwenyewe, na baada ya Misa alikaa na wazee wenzake wakahesabu sadaka ya kigango."

Jibu hilo lilitufumbua macho. Mtu anayehesabu fedha za kigango siku ya Jumapili hawezi kuzeeka akili ifikapo Alhamisi. Lazima kuna kitu kimeingia mwilini. Tulipompima tuliona tumbo lake la chini limevimba. Kibofu kilikuwa kimejaa mkojo usiotoka, kwa sababu tezi dume ilikuwa imekua na kuziba njia, tena mkojo wenyewe ulikuwa na maambukizi. Akawekwa mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja. Akapewa dripu na dawa ya kuua vijidudu. Siku ya tatu aliuliza nani anawachunga ng'ombe wake. Siku ya kumi alirudi nyumbani akiwa na akili zake timamu. Alama za kamba mikononi zilichelewa kupona kuliko akili yake.

Hali mbili zinazofanana

Ndugu msomaji, yafaa tujue kwamba kuna hali mbili ambazo kwa macho hufanana, lakini ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako watu wetu huita kuweweseka, na madaktari huita deliriamu. Hii si maradhi ya akili kwa asili yake. Ni ubongo unaopiga kelele kwa sababu kuna jambo baya linalotendeka mwilini: maambukizi, ukosefu wa maji, sukari kushuka, dawa isiyofaa, au jeraha. Mara nyingi sababu hiyo ikipatikana na kutibiwa mapema, akili hurudi.

Ya pili ni demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri pole pole. Huu ni ugonjwa wa ubongo wenyewe. Aina inayojulikana zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa wenye shinikizo la damu, kisukari, au waliowahi kupata kiharusi. Hata demensia si uzee wa kawaida. Wako wazee wengi wa miaka 90 wenye kumbukumbu kali kuliko wajukuu wao. Katika uchunguzi uliofanyika vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, wenye demensia walikuwa kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi hawana ugonjwa huo.

Tofauti zake

Tutazitofautishaje? Zingatieni mambo haya manne.

Kwanza, mwanzo wake. Deliriamu huanza kwa saa au siku chache. Ndugu wanaweza kutaja siku yenyewe: "Tangu juzi." Demensia huanza taratibu kwa miezi na miaka, kiasi kwamba hakuna anayekumbuka siku ilipoanza. Watu husema: "Tangu mwaka juzi alikuwa akirudia rudia hadithi."

Pili, mwendo wake. Deliriamu hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Asubuhi mzee anazungumza vizuri, jioni anamtukana mkwe wake, usiku wa manane anaona nyoka ukutani, na kesho asubuhi ametulia tena. Wengi hudanganyika hapa. Wakimwona ametulia asubuhi wanasema amepona, wanaahirisha safari ya hospitali. Mwenye demensia huweza kuwa na siku njema na siku mbaya, na jioni huweza kuhangaika zaidi, lakini kwa jumla hali yake ya wiki hii hufanana na ya wiki iliyopita.

Tatu, usikivu. Mwenye deliriamu hawezi kushika jambo moja akilini. Unamwuliza swali, kabla hujamaliza macho yamekwenda penginepo. Mwenye demensia, hasa mwanzoni, anakusikiliza vizuri na kukutazama usoni. Tatizo lake ni kwamba baada ya dakika kumi amesahau ulichosema.

Nne, uamkaji. Mwenye deliriamu ama amechangamka kupita kiasi, hatulii, ama amezama katika usingizi usio wa kawaida. Mwenye demensia kwa kawaida yu macho kama watu wengine, mpaka ugonjwa uwe umefika mbali sana.

Mtu aweza kuuliza, je, sala si kipimo kizuri? Akisali Baba Yetu mpaka mwisho, si dalili kwamba yu mzima? Hapana. Sala tulizofundishwa utotoni zimekaa chini sana katika kumbukumbu. Tumewaona wazee wenye demensia kubwa wasiojua majina ya watoto wao, lakini ukianza Rozari wanaitikia bila kukosea hata neno. Ni neema kubwa, na tuitumie kuwafariji. Lakini haipimi usikivu.

Kipimo kidogo mnachoweza kufanya nyumbani ni hiki: mwombeni mzee ataje siku za juma kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, na kuendelea. Au ahesabu kutoka 20 kurudi 1. Au mshikeni mkono mkamwambia: "Nitataja wanyama pole pole, kila nikitaja ng'ombe, unifinye." Mzee aliyeweza jambo hilo mwezi uliopita, na leo anapotea njiani baada ya maneno mawili, ana haja ya kupelekwa hospitali. Akiweza pia, lakini ninyi mnaomjua mnaona si yeye, mpelekeni vile vile. Macho ya anayeishi naye ni kipimo bora.

Yule mtulivu ndiye wa kuogopwa

Watu wengi wakisikia mtu amechanganyikiwa hufikiri juu ya yule anayepiga kelele na kuvua nguo. Kumbe ipo deliriamu ya kimya, na kwa wazee ni ya kawaida sana. Mzee analala mchana kutwa. Hali chakula isipokuwa amelishwa. Akiitwa anajibu "mm" na kufumba macho tena. Hamsumbui mtu. Kwa sababu hasumbui, husahauliwa.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu sisi wauguzi. Tuliwahi kuwa na bibi mmoja wodini, amelazwa kwa kuvunjika nyonga. Siku za kwanza alikuwa akitutania na kutuuliza habari za watoto wetu. Siku ya nne akanyamaza. Tukaandika katika faili lake: "Mgonjwa ametulia, amelala vizuri." Siku ya tano tukaandika hivyo hivyo. Ni mjukuu wake, msichana wa sekondari aliyekuja kumwona kutoka shule ya bweni, aliyetujia dirishani akasema: "Nesi, bibi yangu hajawahi kunyamaza maisha yake yote." Tulipompima tukakuta homa ya mapafu. Mwili wake haukuwa na joto hata kidogo. Alitibiwa, na kwa rehema za Mungu akapona, lakini siku mbili zilikuwa zimepotea mikononi mwetu. Tangu siku hiyo, mzee mchangamfu akinyamaza ghafla hatuandiki tena kwamba ametulia. Tunamwita daktari.

Angalieni pia jambo hilo la joto. Mtoto mdogo akiwa na maambukizi huchemka. Mzee huenda asichemke. Mara nyingine kuchanganyikiwa ndiyo dalili ya kwanza, na pengine ya pekee, ya malaria, ya homa ya mapafu, au ya maambukizi ya mkojo. Msingoje homa.

Sababu zinazoleta deliriamu

Tutaje zile tunazozikuta mara nyingi.

Maambukizi: ya mapafu, ya mkojo, malaria, kidonda kilichooza, homa ya uti wa mgongo.

Ukosefu wa maji na chakula. Wazee wengi hawasikii kiu kama zamani, na wengine hujizuia kunywa ili wasiamke kwenda msalani usiku. Kuharisha kwa siku moja kunatosha kumchanganya mzee.

Sukari. Mwenye kisukari aliyemeza vidonge vyake, hasa glibenklamidi, au aliyechoma insulini bila kula chakula, sukari yake hushuka na anaweza kuonekana kama mlevi au mwendawazimu. Sukari ikipanda mno nayo huchanganya akili.

Dawa. Hapa twaomba mtusikilize sana. Dawa za usingizi kama diazepamu, dawa kama amitriptilini na promethazini, na hata vidonge vya mafua na mzio ambavyo wengi huviita Piriton, huweza kumchanganya mzee. Msimnunulie mzee dawa ya usingizi katika duka la dawa ili atulie. Mara nyingi mtakuwa mmemwagia mafuta ya taa katika moto. Dawa za mitishamba nazo nyingine zina nguvu kubwa.

Mkojo kuziba, na kufunga choo kwa siku nyingi. Haya yanadharauliwa, lakini yanatosha kabisa.

Maumivu, kuvunjika mfupa, na upasuaji. Pia kuanguka. Mzee aliyejigonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita na hakuonekana na jeraha, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kuubana ubongo.

Kiharusi, moyo dhaifu, ukosefu wa hewa ya kutosha katika damu, upungufu mkubwa wa damu, figo au ini kushindwa.

Pombe. Aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla, pengine kwa sababu amelazwa au fedha zimekwisha, huweza kuweweseka vibaya baada ya siku mbili au tatu, akatetemeka na hata kupata kifafa. Hiyo ni hatari kubwa na yahitaji hospitali. Msione haya kumwambia daktari ukweli kuhusu gongo au pombe ya kienyeji.

Mwenye demensia naye huweweseka

Jambo hili ndilo gumu kuliko yote. Hali hizi mbili huweza kumpata mtu mmoja. Tena mwenye demensia ndiye anayepata deliriamu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ubongo wake hauna akiba.

Tulimpokea mama mmoja mzee aliyekuwa na demensia kwa miaka mitatu. Binti yake alimtunza kwa upendo mkubwa, akimwogesha na kumlisha. Kisha, kwa muda wa siku nne, mama huyo alizidi. Aliacha kutembea, akawa anashika shika hewani kama anayechuma maharage, akakataa chakula. Binti alipowaambia ndugu, wote walimjibu: "Ndiyo ugonjwa wake, umefika mwisho." Siku ya tano alimleta mwenyewe kwa pikipiki, akimshikilia mgongoni kwa kitenge. Maambukizi ya mkojo yalikuwa yamekwisha ingia katika damu. Tulijitahidi, lakini alfajiri ya pili alifariki, akiwa amepewa Mpako Mtakatifu.

Binti yule hakulia kwa sauti. Alituuliza tu: "Ningemleta siku ya kwanza?" Hatukuweza kumwambia kwa hakika kwamba angepona. Lakini tuliweza kumwambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona. Basi kwa ajili yake twawaomba: mwenye demensia akibadilika kwa ghafla, msiseme ni ugonjwa wake. Demensia haikimbii hivyo. Kinachokimbia ni kitu kingine.

La kufanya

Mzee akichanganyikiwa ghafla, mpelekeni zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje mnada upite wala mvua ikatike. Fanyeni haraka zaidi akiwa na mojawapo ya haya: haamki vizuri, anapumua kwa shida, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, ana kifafa, shingo imekakamaa, ameanguka, hakojoi, au ni mgonjwa wa kisukari. Huyu wa kisukari, kama yu macho na anameza vizuri, mpeni mara moja chai yenye sukari nyingi au soda yenye sukari, kisha mwende naye. Asiyemeza vizuri msimtie kitu kinywani; mlazeni ubavu na kukimbilia hospitali.

Mkija, leteni mambo matatu. La kwanza, dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba. La pili, kadi au madaftari yake ya kliniki. La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, mtu aliyekaa naye wiki iliyopita. Mara nyingi mzee huletwa na kijana aliyetoka mjini jana, mwenye fedha na gari, lakini hajui lolote juu ya siku za karibuni. Fedha twazihitaji, lakini kwanza twamhitaji yule mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Mkishindwa kuja naye, andikeni katika karatasi: siku ilipoanza, alikuwa akiweza nini kabla, ameanguka lini, amekula na kukojoa lini. Na kama mhudumu wa afya atawaambia kwa haraka kwamba ni uzee, semeni kwa adabu lakini bila woga: "Wiki iliyopita hakuwa hivi. Tunaomba apimwe sukari, malaria na mkojo."

Msimfunge kamba. Msimpige. Msibishane naye juu ya nyoka anaowaona. Mwambieni kwa upole kwamba mko naye na hatadhurika. Kusali juu yake ni vema, na Padre kuitwa ni vema. Lakini salini njiani mnapokwenda hospitali, si badala ya kwenda. Mganga na mpiga ramli hawana kipimo cha sukari.

Akilazwa, kaeni naye kwa zamu, na awe mtu ambaye sura yake anaijua. Msaada huu unazidi dawa nyingi. Mleteeni miwani yake na kifaa chake cha kusikilizia kama anacho. Mwambieni kila asubuhi ni siku gani na yuko wapi. Mpeni maji kidogo kidogo. Mkalisheni kitini au mtembezeni daktari akiruhusu. Mchana awe penye mwanga, usiku pawe kimya ili alale. Mwambieni muuguzi kila mabadiliko mnayoyaona.

Muwe pia na subira. Wengine hurudiwa na akili kwa siku mbili, wengine kwa wiki kadhaa, na wengine hawarudi kabisa pale walipokuwa. Mzee akishatoka hospitali, mrudisheni baada ya mwezi mmoja au miwili aangaliwe kumbukumbu yake, kwa maana mara nyingine deliriamu hufichua demensia iliyokuwa imeanza chini kwa chini.

Na ikiwa ni demensia

Hata kama mabadiliko yamekuja pole pole, mpelekeni akapimwe. Yako mambo yanayofanana na demensia ambayo yana tiba: sononi, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, na virusi vya UKIMWI, ambavyo watu husahau kuwa wazee nao huambukizwa. Ikithibitika kuwa ni demensia, hadi leo hatuna dawa ya kuiponya. Lakini kuna utunzaji. Ratiba ile ile kila siku, maneno mafupi, kazi ndogo anayoiweza kama kuchambua mboga, mlango wenye kitasa asichokijua ili asipotee usiku. Na yule anayemtunza apumzishwe. Si haki binti mmoja abebe mzigo na kaka watano watume salamu.

Jambo moja zaidi tunalisema kwa uchungu. Katika nchi yetu, na hasa huku Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, yametosha kuwahukumu. Fikirini basi hatari ya bibi mwenye demensia anayeamka usiku, akapotea, akakutwa amesimama uani kwa jirani bila kujua amefikaje. Huyo si mchawi. Ni mgonjwa anayetafuta nyumba yake. Jirani anayejua hivyo atamshika mkono na kumrudisha.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zina kazi. Ninyi mnaojuana kwa nyumba, mnaojua nani hakuja kusali Alhamisi hii, na ninyi mnaowapelekea wazee Ekaristi nyumbani kila Jumapili, ninyi ndio mnaoweza kujibu lile swali letu: "Wiki iliyopita alikuwaje?" Mkimkuta mzee si yule mliyemwacha Jumapili, msiondoke na kusema mtamwombea tu. Waambieni watu wa nyumba hiyo siku hiyo hiyo, na ikiwa hawana nauli, changeni.

Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iadhimishwe Jumapili ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo tunawapa wazee kanga, sabuni na sukari. Ni vizuri. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu ya kitabu chake, alikwisha ona mbali zaidi: anatuagiza tumvumilie mzazi hata akili zake zikipungua. Mvumilivu wa kweli hakai tu akitazama. Huuliza kwanza kama akili hizo zimepungua kwa miaka, au zimeibwa juzi na ugonjwa unaotibika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mzee akibadilika ghafla, wingu limekwisha tanda. Mleteni kabla mvua haijanyesha.